Mkia wa Sauti ya Bibi

Kabla sijamsema mtu mwingine, acha nijiseme mwenyewe. Siku ya kwanza kuambiwa "fungua faili" mbele ya kompyuta, niliinuka, nikaenda kwenye kabati la chuma lililokuwa kwenye kona, nikalifungua, nikauliza: "Faili la nani?" Darasa zima la watu wazima lilicheka mpaka mkufunzi akatoka nje kupumua. Cheti changu cha diploma kilikuwa kinaning'inia ukutani nyumbani. Hakikunisaidia kitu.

Kwa hiyo ukimwona Telesfori anakosea humu ndani ya hadithi, mcheke kidogo tu. Ila kosa langu mimi lilinipotezea heshima peke yake. La kwake lilikaribia kupoteza kitu ambacho hakipatikani tena popote.

Nimpaye alikuwa amekaa mkekani nyuma ya nyumba yao, kijijini Ntobeye, anamenya ndizi. Mtoto wake mchanga alikuwa amelala kwenye kanga karibu na goti lake. Mama mkwe wake, Speciosa, alikuwa anachochea moto huku amefumba jicho moja kwa ajili ya moshi.

"Huyu mtoto ataitwa 'Mtoto' mpaka lini?" Speciosa aliuliza. "Mbuzi wa jirani Alfonce amezaa juzi tu. Keshampa jina."

"Amemwitaje?"

"Shati. Ana baka jeupe kifuani."

Nimpaye alitaka kucheka. Kicheko kilifika kooni, kikarudi. Tangu msiba, vicheko vyake vilikuwa vinafanya hivyo.

"Jumapili hii padri anabatiza," Speciosa aliendelea. "Jina la ubatizo tumekubaliana, Speciosa. Jina zuri, na sijisifu. Lakini la nyumbani? Mtu hawezi kukua anaitwa 'njoo hapa'."

"La nyumbani alishapewa, mama."

"Na nani?"

"Na mama yangu."

"Ni lipi basi, mwanangu?"

Nimpaye alitazama ndizi iliyokuwa mkononi. Alikuwa ameimenya ikaisha, na kisu bado kilikuwa kinatafuta ganda.

"Limo kwenye ile flashi," alisema.

Flashi ilikuwa ndani, imechomekwa kwenye redio. Ni kidude kidogo, si kikubwa kuliko kidole cha mtoto. Humo ndani mlikuwa na nyimbo za kwaya na sauti ya mama yake Nimpaye. Nyimbo za kwaya zilikuwa zinaimba. Sauti ya mama ilikuwa haisikiki. Redio iliimba wimbo wa kwanza, ikaimba wa pili, halafu ikarudi kwenye wa kwanza. Mama yake ilikuwa inamruka, kama vile hayumo.

Na hapa inabidi turudi nyuma kidogo.

Nimpaye alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana mdogo, ameshika kanga ya mama yake kwa nyuma. Kule kwao vita vilikuwa vimeanza. Walifika kambi ya Lukole, wakapewa turubai na sufuria, wakaambiwa wangoje. Wakangoja. Vita vilichelewa kwisha, na Nimpaye akakua hapo hapo kambini. Telesfori, kijana wa Kihangaza, alikuwa anakuja kambini kuuza ndizi. Kihangaza na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na wale wawili walisikilizana kupita lugha. Akamwoa, na Nimpaye akahamia Ntobeye. Mama yake, Esperansia, akabaki kambini.

Kisha kambi ikafungwa. Watu wakapandishwa malori kurudi kwao.

Asubuhi ya kuondoka, Nimpaye alikwenda kumuaga mama yake. Alikuwa na mimba kubwa. Telesfori alikuwa na simu yake ya vitufe, ile inayorekodi sauti.

"Nipeni hicho kisimu," Esperansia alisema. "Nataka kuongea na mjukuu wangu."

"Bado hajazaliwa, mama."

"Ndiyo maana nataka simu. Angekuwa amezaliwa ningemwambia mwenyewe."

Telesfori akambonyezea.

"Sasa sogeeni huko," mama aliwaambia. "Haya si maneno yenu. Nampa jina, na jina lake alisikie yeye kwanza. Msifungue mpaka azaliwe. Umesikia, Nimpaye? Nakujua wewe. Hata zawadi ya Noeli ulikuwa unaitoboa kwa kidole."

Wakasogea mpaka kwenye tairi la lori. Walimwona amekaa juu ya furushi lake, ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu anayekula muhindi wa kuchoma. Aliongea. Akacheka. Akaongea tena. Halafu akafuta macho kwa ncha ya kanga, akarudisha simu, akapanda lori.

Masika yalikuwa hayajaisha, mtu wa baiskeli akaja kutoka ng'ambo ya mpaka, akipitia Kabanga. Aliegemeza baiskeli kwenye mgomba, akavua kofia. Nimpaye alijua kabla hajafungua mdomo. Homa, siku chache, basi. Mimba ilikuwa imefika mwisho, kusafiri hakuweza. Mama yake akazikwa na mikono ya watu wengine, kwenye ardhi aliyoingoja miaka yote ile.

Mtoto akazaliwa. Wa kike. Sasa ruhusa ya kusikiliza ilikuwepo.

Lakini simu haikuwepo. Telesfori alikuwa ameiweka kwenye mfuko wa shati, akainama kuonja pombe ya ndizi kwenye mtumbwi wa kukamulia. Simu ikatangulia kuonja. Haikuwaka tena. Pombe nayo ikaharibika, ingawa wapo walioifariji kwa kuinywa.

Bahati ni kwamba kabla ya hapo Telesfori alikuwa ameihamishia ile sauti kwenye flashi. Alikuwa utingo wa lori la ndizi, na walipopita Lusahunga aliingia kwenye steshenari ya mwanamke aitwaye Joan, akasaidiwa. Sauti iliyobaki duniani ilikuwa hiyo moja tu, ndani ya kidude hicho.

Jioni Telesfori alirudi. Hata hajavua viatu, mke wake akamsimamia mlangoni.

"Baba Mtoto, umemfuta mama yangu."

"Sijamfuta! Yumo. Nimemwona kwa macho yangu kwenye kompyuta."

"Sauti inaonwa?"

"Jina lake linaonwa. Tena nililiandika mimi mwenyewe, vizuri, kwa heshima."

"Basi kwa nini redio haimsomi?"

Telesfori akainama kuvua viatu.

"Kesho nakwenda Lusahunga na wewe," Nimpaye alisema. "Nataka kuona mwenyewe."

"Na mtoto?"

Speciosa akajibu kutoka jikoni, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Aende naye. Sauti ni ya kwake."

Walisafiri kwenye lori la ndizi. Dereva alikuwa Nyanda, Msukuma mmoja mwenye tumbo lililozoeana na usukani. Aliwakalisha mbele, akazima muziki kwa ajili ya mtoto, akaisikiliza habari yote bila kukatiza, kitu ambacho kwa Nyanda kilikuwa kigumu.

"Mimi nyimbo zangu zote za gari ni emupitiri," alisema mwishoni, akimaanisha mp3. "Zinalia vizuri mpaka Rusumo. Mwambieni huyo mama wa steshenari aiandike emupitiri. Itaimba tu."

"Umesikia?" Telesfori alimwambia mke wake. "Ni jambo dogo."

Nimpaye alitazama nje. Alikuwa ameishika flashi ndani ya kiganja tangu Ntobeye.

Steshenari ya Joan ilikuwa kibanda cha bati karibu na njia panda, mahali malori yanapolala. Pale ulichapiwa barua, ukatolewa kopi, ukapigwa picha za pasipoti mbele ya shuka jeupe. Nje jenereta lilikuwa linanguruma. Joan mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imekaa kichwani kama kilemba.

"Shikamoo, dada Joan," Telesfori alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, kiti hicho kina mguu mmoja mbovu, usikiegemee. Huyu ndiye mwenye sauti?"

"Ndiye mwenye sauti," Nimpaye alisema, akamfunua mtoto uso. "Mwenye kuisema amefariki."

Joan alishusha miwani ikakaa machoni. Akanyoosha mkono, akapokea flashi, akaichomeka.

Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea majina matatu. La kwanza: kwaya1.mp3. La pili: kwaya2.mp3. La tatu: sauti ya bibi.telesfori.

Joan alisogeza uso karibu na hilo la tatu.

"Telesfori. Hii ni nini?"

"Ndiyo yenyewe. Sauti ya bibi."

"Nimeona. Na hii nukta Telesfori hapa nyuma?"

"Jina la pili," Telesfori alisema, anashangaa kuulizwa. "Jina moja halitoshi, dada. Nenda ofisi yoyote, watakuuliza jina la pili. Nikaona nisiliache yatima. Nikalipa la kwangu."

"Uliandika saa ngapi? Mbona sikukuona?"

"Ulipotoka kutia petroli kwenye jenereta."

"Na kompyuta haikukuuliza kitu?"

"Iliniletea kibao cha maneno ya Kiingereza, na vitufe viwili. Nikabonyeza ndiyo. Niliona imeniuliza kwa adabu, nikajibu kwa adabu."

Joan alishika paji la uso. Hakucheka.

"Kosa ni letu wawili," alisema. "Wewe uliandika, mimi sikukueleza. Sogeeni karibu, wote. Mama Mtoto, hasa wewe."

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya jina la kwanza.

"Humu ndani ya kompyuta, kila kitu kilichotunzwa kinaitwa faili. Barua ni faili. Picha ni faili. Wimbo ni faili. Na jina la faili lina sehemu mbili, katikati kuna nukta. Kabla ya nukta ni kwako. Andika 'kwaya', andika 'bibi', andika 'mbuzi', kompyuta haina neno. Lakini baada ya nukta si kwako. Hapo ni mkia."

"Mkia?" Nimpaye aliuliza.

"Mimi nauita mkia. Ukipita nyuma ya banda ukaona mkia tu umetokeza, si unajua kama ndani kuna ng'ombe au mbuzi?"

"Najua."

"Kompyuta nayo inatazama mkia. Ikiona mp3 inasema, huu ni wimbo, inaita programu ya nyimbo. Ikiona jpg inasema, hii ni picha. Ikiona doc, hii ni barua iliyochapwa. Haiingii ndani kuchungulia kwanza. Inatazama mkia, basi. Sasa mume wako amemkata mnyama mkia wake, akamshonea mkia wa Telesfori. Kompyuta inauliza: mnyama wa aina ya Telesfori ni mnyama gani?"

"Mimi sina mkia," Telesfori alisema kwa huzuni.

"Sasa unao," Nimpaye alimjibu.

Lakini hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama lile jina kwenye kioo, na mkono wake ulikuwa unapigapiga mgongo wa mtoto ambaye hakuwa analia.

"Dada," alisema. "Nikuulize kitu, uniambie kweli. Huyo mnyama, alipokatwa mkia, alikufa? Mama yangu amekufa na humo pia?"

Jenereta likanguruma nje. Telesfori akatazama chini.

"Hapana," Joan alisema. "Sikiliza vizuri. Kubadili jina hakubadili kilichomo. Mama yako yumo kama alivyoingia, neno kwa neno. Ni jina tu lililokosewa."

Nimpaye akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe:

"Kwetu Burundi kila mtu ana jina lake. Baba lake, mama lake, mtoto lake. Tulipofika kambini wakamuuliza mama jina la pili. Hakuwa nalo. Wakamwandikia la marehemu baba. Siku ya mgao wa unga wakaita hilo jina, wakaita tena. Mama alikuwa amekaa pale pale mbele yao, na gunia tupu mkononi. Hakuitika. Hakujua ni yeye. Unga ukampita."

"Ndiyo hivyo hivyo," Joan alisema kwa sauti ya chini. "Yupo. Ameitwa vibaya tu."

Telesfori alijipangusa pua kwa mkono wa shati. Akajaribu kurekebisha mambo, kama ilivyo kawaida yake.

"Basi mwandikie emupitiri, dada. Nyanda amesema itaimba."

"Nyanda ni dereva mzuri," Joan alisema. "Haya, tujaribu, uone mwenyewe. Lakini kwanza natoa kopi. Kitu ambacho una kimoja tu duniani, usikifanyie majaribio. Jaribu kwenye kopi."

Akatoa kopi. Akafuta neno telesfori, akaandika mp3. Kile kibao cha maneno ya Kiingereza kikatokea.

"Ndicho hicho!" Telesfori alipiga kelele. Mtoto akashtuka.

"Kibao hiki kinakuonya. Kinasema: ukibadili mkia, faili linaweza lisifunguke tena. Una hakika? Siku nyingine ukikiona, bonyeza hapana, uite mtu. Leo nabonyeza ndiyo kwa sababu hii ni kopi."

Akabonyeza. Jina likawa sauti ya bibi.mp3. Likapendeza kabisa, likakaa sawasawa na yale ya kwaya. Joan akalifungua. Programu ya nyimbo ikatokea, ikafikiri, ikaleta maneno mekundu. Haikutoa hata mkwaruzo.

Nimpaye alifumba macho.

"Mmeona?" Joan alisema. "Chukua gunia la mahindi, andika juu yake UNGA. Umepata unga?"

"Bado ni mahindi," Telesfori alisema.

"Mpaka yaende wapi?"

"Mashineni. Yakasagwe."

"Basi. Kuandika mp3 ni kuandika kwenye gunia. Kusaga ni kazi nyingine, kuna programu yake. Na mashine haiwezi kusaga kabla hatujajua ndani ya gunia mna nini. Kwa hiyo nataka ule mkia wa kwanza, wa asili, uliokuja nao kutoka kwenye simu. Ulikuwa nini?"

Telesfori alikuna kichwa. Akatazama bati. Akatazama mke wake, akaondoa macho haraka.

"Jina lilikuwa na namba," alisema. "Namba nyingi. Halafu nukta. Halafu jina la mtu."

"Jina la mtu gani?"

"Si wa kwetu. Sisi ni Wakatoliki, dada, na lile lilikuwa jina la Kiislamu. Nikajiuliza, huyu bwana ameingiaje kwenye sauti ya mama mkwe wangu? Nikaona niliondoe kabla mke wangu hajaliona."

"Jina gani, Telesfori?"

"Nalitafuta..."

"Simu yako ilikuwa ya vitufe, sivyo? Ile ya zamani kidogo?"

"Ndiyo."

"Simu nyingi za aina ile zinarekodi sauti kwa mkia wa herufi tatu. A. M. R."

Telesfori aliruka kwenye kiti, kile chenye mguu mbovu, na kiti kikaenda chini.

"Amri! Ndiye huyo! Amri!"

Joan akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Nimpaye naye akacheka, na safari hii kicheko kilipita kooni kikatoka nje, lakini njiani kikageuka kilio. Alilia akimwinamia mtoto, mabega yanatikisika. Telesfori alikuwa bado sakafuni. Hakuinuka. Alimshika mke wake mguu, akabaki hivyo.

Joan aliwaacha. Alipoona kimya kimerudi, akatoa kopi nyingine ya lile la telesfori, akalirudishia mkia wake: sauti ya bibi.amr.

Akafungua.

Kwanza ulisikika upepo. Halafu lori linawashwa kwa mbali. Halafu mtu akakohoa, kikohozi kidogo, mara mbili, cha mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo.

"Simamisha!" Nimpaye alisema. "Simamisha, dada!"

Joan akasimamisha.

"Ni yeye. Hicho ni kikohozi chake. Alikuwa anakohoa hivyo kabla ya sala." Nimpaye alikuwa ameweka mkono kifuani. "Basi. Inatosha. Alisema mtoto asikie kwanza, na hapa si nyumbani. Kuna malori."

"Hutaki kusikia jina?"

"Nataka mno. Ndiyo maana usinifungulie."

Joan alimtazama, akaitikia kwa kichwa.

"Basi sasa tusage," alisema. "Redio yenu haijui amr, inajua mp3 tu. Ndiyo maana kwaya inaimba na mama anarukwa."

Akafungua programu nyingine. Akaingiza lile faili la amr upande mmoja, akachagua mp3 upande wa pili, akabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo, taratibu, na wote watatu wakautazama kama watu wanaongoja maji yachemke. Ulipofika mwisho, kukawa na mafaili mawili: sauti ya bibi.amr na sauti ya bibi.mp3.

"Majina sawa, mikia tofauti," Joan alisema. "Haya ni mafaili mawili, msije mkafuta moja mkidhani yamejirudia. Hili la amr ni mbegu, litunzeni. Hili la mp3 ni la kusikiliza."

Akayaweka yote mawili kwenye flashi. Akayachoma na kwenye sidii, akaiandika juu kwa kalamu ya wino mzito. Akayaacha na kwenye kompyuta yake.

"Ikianguka tena kwenye pombe," alimwambia Telesfori, "utakuta nyingine hapa."

"Haitaanguka," Telesfori alisema. "Sasa naonjea kwa mrija."

Siku hizi, ukipita njia panda ya Lusahunga, unaweza kumkuta Telesfori anawafundisha matingo wenzake karibu na malori. "Kabla ya nukta andika hata jina la shangazi yako," anawaambia. "Baada ya nukta, ondoa mkono." Wengi wamepona kwa maneno hayo. Kijana mmoja alikuwa karibu kuziharibu picha zote za harusi ya dada yake kwa kuzipa jina la bwana harusi nyuma ya nukta. Ntobeye nako, mtu akitaka kupeleka kitu steshenari, anapita kwanza kwa Nimpaye kuuliza mkia wake ni upi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Turudi Jumamosi ile, siku moja kabla ya ubatizo.

Mchana mvua ilinyesha, kisha ikakatika. Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye migomba. Speciosa alitandika mkeka mpya sebuleni. Akavaa kitenge chake cha kanisani, ingawa walikuwa watu wa nyumbani tu.

"Mgeni anakuja," alisema alipoona wanamtazama. "Nimpokee na tambara la jikoni?"

Telesfori aliweka redio katikati ya mkeka. Nimpaye akakaa, akamlaza mtoto mapajani, uso wa mtoto ukielekea kwenye redio. Mtoto alikuwa macho. Alikuwa anatazama taa ndogo nyekundu.

Nimpaye akabonyeza mwenyewe.

Kwaya ya kwanza akairuka. Ya pili akairuka. Ukaja upepo. Likaja lori. Kikaja kikohozi, mara mbili.

"Haya," sauti ilisema kwa Kirundi. "Wewe mtoto. Mimi ni bibi yako. Wamenipa kidude hiki, sijui naongea na upande gani. Wewe sikiliza tu."

Speciosa alishika mdomo.

"Mama yako amesimama kule kwenye tairi. Anajifanya hatazami. Amechoka, miguu imemvimba kwa ajili yako, ukija usimsumbue sana. Baba yako naye yuko pale, ni mtu mzuri, ila mwangalieni na vitu vinavyovunjika." Ikacheka, ile sauti. Telesfori akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Mimi narudi nyumbani. Sijui kama nyumba bado ipo. Kulikuwa na mti wa parachichi. Kama upo, nitakuwekea matunda. Kama haupo, nitaupanda, na wewe utaukuta. Nilikuja huku mama yako ameishika kanga yangu kwa nyuma. Narudi hakuna anayeishika, lakini silalamiki, kwa sababu nimemwacha mahali panapopikwa kila siku."

Upepo. Mtu kwa mbali anaita majina ya watu wapande lori.

"Sasa jina lako. Nilifikiri usiku kucha. Hapa kambini tumeitwa majina mengi ya ajabu, mengine hatukujua ni yetu. Hili lijue ni lako. Unaitwa Niyokwizera."

Nimpaye alilirudia kwa midomo, bila sauti. Ndilo neno alilokuwa analisema mama yake kila walipoishiwa unga: Mungu ndiye wa kutegemea. Speciosa akapiga ishara ya msalaba. Mtoto aliendelea kutazama taa nyekundu, macho makubwa, ngumi yake ndogo imefungwa kwenye ncha ya kanga ya mama yake.

Ndani ya redio lori likapiga honi.

"Wananiita," sauti ilisema. Sasa ilikuwa karibu sana, kama mtu aliyeinama juu yao. "Niyokwizera. Niyokwizera, mjukuu wangu. Umesikia? Mtu akiitwa jina lake huitika. Haya, niitikie nikusikie, kabla lori halijaondoka."